Mlango Wetu Umehamia Barabarani

Kwako mume wangu, Baba Zaina, popote miguu yako ilipokanyaga leo,

Sisi wazima. Zaina mzima, mama mkubwa mzima na mdomo wake mzima, mjomba Mhina anakohoa lakini yupo. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ungeyauliza kwanza, halafu ungeuliza kama mahindi yametosha, halafu ungekaa kimya ukingoja niseme lenyewe. Basi lenyewe ni hili: ukirudi kwa njia unayoijua, hutatukuta. Kichaka chetu kimechomwa. Nyumba yetu nimeibomoa kwa mikono yangu. Sasa tunakaa kando ya barabara ya Handeni, nyumba zimepangwa mstari, na mlango wangu unamtazama kila apitaye. Mvua zikiisha, bwana shauri, yule Mdachi anayeamua mambo yetu kule bomani, atakuja kukagua, na ana jambo na wewe. Nitalifikia. Nina haraka, lakini nikilisema sasa hivi hutaelewa kwa nini nimelisababisha.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi kwenye ubao uleule aliowafundishia wavulana wa chuoni kwake, na wewe ulikuwa ukinitania kwamba mwanamke anayejua kuandika hana wa kumwandikia. Haya, sasa ninaye. Karatasi hii siifungi. Nitampa mpagazi yeyote aendaye bara, naye akichoka ampe mwenzake, na kwenye kambi yoyote yenye mtu ajuaye kusoma, aisome kwa sauti. Labda utakuwa pembeni unachochea moto, utasikia jina la mwanao. Kwa hiyo kila nitakalokuambia wewe, wasafiri nao watalisikia. Nilitaka kuyaruka mambo ya ndani, nimeshindwa. Wacha wasikie.

Unakumbuka ulivyofika kwetu mara ya kwanza? Ulishuka kutoka Kwashemshi, kule mlimani, na mzigo wa tumbaku, ukaambiwa wazee wa kaya yetu wanapenda kunusa na wana mahindi ya kubadilishana. Ukaikuta njia, ukaingia kichakani, ukapotea. Njia ile babu zetu waliipinda makusudi, iende kushoto, irudi kulia, kwa sababu zamani zao watu walikuwa wakivamiwa na kutekwa. Wewe hukujua. Ulisimama katikati ya miiba na mzigo kichwani, ukawa unapiga hodi kwa majani. Mimi nilikuwa natwanga upande wa pili, hatua chache tu kutoka ulipo, nikacheka mpaka mchi ukaniponyoka. Nilipokuja kukutoa uliniangalia kwa hasira ukasema, "Nyie Wazigua mnaishi ndani ya kiota?" Nikakujibu, "Na wewe mtu wa migomba, umekuja kutaga?"

Tumbaku uliiuza siku hiyohiyo, lakini ulirudi tena na mzigo mwingine kabla hata ya kwanza haijaisha kunuswa, na mama mkubwa akasema, "Huyu haleti tumbaku."

Ukanioa, ukaja kukaa kwetu, kwa watu wa mama yangu, kama ilivyo desturi ya upande huu. Kwenu walinung'unika. Kaka yako hasa, alisema mwanamume mzima amekwenda kuolewa. Na wewe mwenyewe, siku za mwanzo, ulihangaika. Kule mlimani mtu ana migomba yake kati ya nyumba na nyumba. Kwetu mapaa ya nyasi yalikuwa yanagusana, mvua ikinyesha mtu anampa mwenzake kaa la moto bila kulowa mkono. Ukikohoa, nyumba ya tatu wanasema pole. Siku ile uliyolalamika kwamba mlenda hauna chumvi, na ulisema kwa sauti ya chini kabisa, si ndiyo mama mkubwa akajibu kutoka nyumbani kwake, "Kula tu mwanangu, kesho nitamkumbusha"? Ulikula bakuli zima. Kesho yake, kwa aibu, ulishinda shambani mpaka jua likazama, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Lakini ukazoea. Uliposhikwa na homa, mimi niko shambani, ulitoa mguno mmoja tu, na niliporudi nilikuta nyumba imejaa watu: huyu anakukanda, huyu anachemsha majani, huyu amekuja kuangalia tu. Ulipopata nafuu uliniambia, "Huku kwenu mtu hawezi hata kufa mpaka apewe ruhusa." Neno hilo nimelitafuna sana tangu uondoke.

Mara ya mwisho kuonana tulikuwa Korogwe. Ulinichukua nikalione gari la moshi, na hilo sitalisahau, kwa sababu lilipopiga kelele ulinishika mkono mbele za watu. Ulisema umenishika ili nisikimbie. Nani alikuwa anatetemeka, tuulizane siku ukirudi. Halafu akaja yule msimamizi wa mizigo akitafuta watu wa kwenda Irangi, huko bara, mizigo ya serikali, wapagazi wawili wamemwugulia njiani. Ulinitazama. Sikusema nenda, sikusema usiende. Ulisema, "Nitarudi kabla mahindi hayajakauka." Nikarudi nyumbani na tumbaku iliyobaki. Mahindi yale yalikauka, yakavunwa, yakaliwa, na mengine yamekauka baada yake.

Habari zako nimepata nyingi mno. Mmoja alisema walikuacha kambini unaumwa tumbo. Mwingine akasema la, ulipona ukabeba mzigo mwingine kwenda mbali zaidi. Mwingine, mjinga, alisema mbele ya mama mkubwa kwamba una mke Irangi, mnene, na anapika vizuri. Mama mkubwa akamwuliza, "Na wewe ulikula kwake mara ngapi?" Yule mtu akaaga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema nilimwona kwa macho yangu. Wote wamesikia.

Sasa amri.

Ilikuja na akida, akifuatana na askari. Alisimama katikati ya kaya, akatuambia kwamba serikali haitaki tena watu wakae vichakani. Nyumba zimebanana mno. Moto ukishika moja, zote zinakwisha. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, unatembea. Kila kaya itoke, ijenge kando ya barabara, kati ya nyumba na nyumba kuwe na nafasi kubwa, zisimame mstari, milango yote itazame njia, ili hewa ipite na watu waonekane. Kuhusu hewa mama mkubwa alisema tangu lini imengoja amri kupita. Kuhusu kuonekana hatukusema kitu. Sote tunajua anayeonekana barabarani ndiye anayeitwa kubeba, kulima njia, kufanya hiki na kile. Lakini askari alikuwa amekaa kwenye kinu changu, na mtu akikalia kinu chako ujue hajaja kujadiliana.

Mjomba Mhina, kwa kuwa ndiye jumbe wetu, alisema tusibishane na akida, twende bomani kwa bwana shauri mwenyewe. Tukaenda, wazee na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya herufi, wakidhani tutapewa kitu cha kusoma. Hatukupewa. Tulikaa barazani juani na watu wa kaya nyingine, na ilipofika zamu yetu bwana shauri alituita mwenyewe, bila mkalimani. Anajua Kiswahili kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Hatukuomba amri ifutwe. Mjomba aliona hilo haliwezekani. Alichoomba ni kwamba tukihamishwa, tusitawanywe, tusichanganywe na watu wa kaya nyingine, huyu mwanzo wa mstari na yule mwisho. Akasimama, akavua kofia, akasema, "Bwana mkubwa, sisi wote wa kaya ile ni mlango mmoja. Tunaomba mlango wetu usivunjwe."

Wewe umekaa nasi, unajua. Watu waliotoka tumbo la bibi mmoja ni mlango mmoja. Hatuna namna nyingine ya kusema.

"Mlango mmoja?" bwana shauri akauliza.

"Mmoja tu, bwana."

"Watu wote hawa?"

"Wote, bwana mkubwa. Hata waliokufa."

Mdachi akacheka, akafurahi kabisa. "Vizuri sana," akasema. "Mimi nilifikiri nyinyi mtataka mingi." Akamwambia karani wake jambo kwa Kidachi, karani akaandika, sisi tukashukuru, tukarudi tukiimba. Mjomba alichinja kuku.

Kisha wakaja watu wa kamba na vigingi. Wakawapimia wenzetu wa ng'ambo ya kijito, kiwanja baada ya kiwanja, mpaka barabara ikaanza kupinda. Kwetu wakapiga vigingi vinne, wakakunja kamba yao. Mjomba akauliza, na vingine je? Yule mpimaji akasema, "Nyie ni mlango mmoja. Mmesema wenyewe. Nyumba yenye mlango mmoja, kiwanja kimoja."

Kwanza tulicheka. Mama mkubwa alikwenda akasimama katikati ya vile vigingi, akauliza yeye atalala kona ipi na mjomba miguu ataielekeza wapi. Halafu tukaona yule mtu anaondoka kweli, na kicheko kikakatika. Amri ilikuja kututoa kichakani kwa kuwa tumebanana, ikaishia kututia sote ndani ya nyumba moja.

Dawa ilikuwa rahisi, si ndiyo? Kurudi bomani na kusema sisi ni milango mingi. Nani aseme? Mtu hasemi maneno hayo ila siku ya ugomvi mkubwa, siku ndugu wanapoapa hawatazikana. Mjomba alisema yeye hawezi, ulimi utamkauka. Mama mkubwa alisema, "Nikitamka hilo, nani atanizika?" Tulibishana nyumbani, tukabishana njiani, mara hii mama mkubwa naye yumo, amekataa kubaki. Mjomba akasema basi atasema tumeongezeka. Mama mkubwa akasema kuongezeka si kugawanyika, na wewe Mhina ukisema vibaya tena tutapewa choo.

Na hapa lazima nikuambie kuhusu kaka yako, maana tulikuwa naye njiani.

Alishuka kutoka Kwashemshi mara tu habari za viwanja zilipofika mlimani. Alikuja na mbuzi. Nilidhani ni zawadi. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, tumalize msiba."

"Msiba wa nani?" nikamwuliza.

"Unajua wa nani."

"Ninavyojua mimi, shemeji, aliye karibu kufa hapa ni huyo mbuzi."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alilia, Baba Zaina, mtu mzima yule, akaniambia mama yenu anataka akulilie na hana pa kuanzia, kila akianza watu wanamwambia ngoja. Alisema tuweke matanga, nikae eda, na ikiisha yeye atanichukua kama ilivyo kwenu, atanijengea, Zaina hatapata tabu. Sikuwa na neno baya la kumwambia. Hajanikosea. Nilimwambia tu kwamba matanga hayawekwi kwa mtu ambaye hajafa, na eda haikaliwi kwa tetesi. Basi akamfunga mbuzi wake kwa mjomba, akakaa kungoja. Mjomba naye akaniita pembeni.

"Mwanangu," akasema, "sikiliza. Wadachi hawampi mwanamke kiwanja. Kiwanja ni cha mwanamume. Sema mumeo amekufa, shemeji yako atapewa cha kwako, utakaa kwake, na mimi nitakuwa jirani yako. Ukisema yu hai, watataka kumwona. Utamtoa wapi?"

"Mjomba, shikamoo yangu iko palepale," nikamwambia. "Lakini mtu aliyekwenda safari si mtu aliyekufa."

"Aliyekwenda safari hurudi," akasema, na akaona aibu, akanishika bega.

Basi tukafika bomani. Bwana shauri alikuwa kibarazani na kikombe chake, amekifunika kwa kisahani kuzuia nzi. Alitukumbuka. "Ah, watu wa mlango mmoja," akasema. "Shauri gani tena?"

Mjomba akaanza, "Bwana mkubwa, ule mlango..." akakwama. "Ule mlango, bwana..."

Bwana shauri akakunja uso. "Sasa ni milango mingapi?"

Ndipo mama mkubwa akainuka, na fimbo yake, bila kuitwa. "Bwana," akasema, "mlango ni mmoja, na utabaki mmoja. Matundu ya kuingilia ndiyo mengi."

Yule Mdachi alimtazama. Sijui kama alielewa, au alichoka. Aligeukia karani, wakasemezana, na karani, ambaye masharubu yake yalikuwa yanacheza kwa kuzuia kicheko, akasema, "Haya. Kila tundu na mwenyewe. Simameni mmoja mmoja."

Hivyo ndivyo tulivyopata viwanja, kwa matundu. Na ndugu zangu hawakugawanyika, hakuna aliyetamka neno lile. Nilikuwa bado nafurahia hilo, nakuwazia wewe ungecheka vipi, wakati karani aliponinyooshea kidole.

"Tundu la nani?"

Nikataja jina lako, na la baba yako.

"Yuko wapi?"

"Amebeba mzigo wenu kwenda Irangi."

Hapo bwana shauri akaweka kikombe chini. "Yu hai?" akaniuliza.

Wote walinigeukia. Mjomba alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kaka yako alisimama karibu na nguzo, mikono ameifumbata, macho ananiomba. Na nikawaza jambo moja tu, kwamba pale barazani, mbele ya watu wote wanaonihusu, nilikuwa nimeachiwa mimi kukupa ile ruhusa ya kufa. Nikisema umekufa, umekufa. Mama yako ataanza kulia siku hiyohiyo, Zaina atanyolewa nywele, mbuzi atachinjwa, na mimi nitakaa ndani ya nguo nyeupe za eda ningoje kuchukuliwa. Neno moja lingetosha.

"Yu hai, bwana," nikasema.

"Wewe unajuaje?"

"Hajaja mtu aliyemzika."

Akasema, bila ukali, "Mvua zikwisha, mimi nitakuja kuangalia nyumba. Nataka kumwona yeye mwenyewe, amesimama mlangoni. Kama hayupo, kiwanja napa mtu mwingine, na wewe utakwenda nyumbani kwa ndugu yake." Karani akaandika. Aliyekuwa nyuma yangu akaitwa, nikasogea.

Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha isipokuwa mama mkubwa. Alisema, "Umesema vizuri," halafu baada ya mwendo akasema, "Sijui kama umesema vizuri."

Nimejenga. Kuta nimekandika na wanawake wenzangu, paa wameezeka watoto wa mjomba, na fito alikata kaka yako. Ndiyo, yeye. Siku moja nilimkuta anashuka na mzigo wa fito begani, akazitupa uwanjani, akasema, "Najenga, shemeji, lakini sijui namjengea nani." Hata mimi sijui. Ni nyumba ya pembe, si ya mviringo kama ile, na Zaina anaikimbia kona kwa kona kwa furaha. Mimi siipendi. Sauti za watu ziko mbali. Mama mkubwa akitaka kaa la moto anapiga kelele mpaka wapita njia wanageuka, na mimi mlenda wangu sasa hata nikisahau kabisa kuutia chumvi, hakuna atakayejua.

Lakini barabara ndiyo inayonimaliza. Kule kichakani siku inapita bila kusikia mguu wa mgeni. Hapa miguu inapita tangu alfajiri. Nikiwa ndani nasikia hatua, natoka. Si wewe, ni mtu wa mbuzi. Naingia. Nasikia tena, natoka na ufagio nijifanye nafagia, uwanja wenyewe nimeshaufagia mpaka mchanga umekwisha. Ni wapagazi. Nawatazama mmoja mmoja mpaka wa mwisho, wananitania, nawatukana, nacheka nao, nawauliza wametoka wapi. Siwezi kushona, siwezi kusuka mkeka mstari ukanyooka. Nikitwanga, nanyamazisha mchi katikati. Zaina juzi ameniuliza kwa nini tunakula tumesimama.

Kuna siku naamka nina hakika umekufa, nakasirika kwamba nimekukandikia ukuta. Kabla ya adhuhuri nina hakika uko hai, nakasirika zaidi. Kama ni mke unaye huko Irangi, njoo naye. Kiwanja ni kikubwa, Wadachi wanapenda nafasi. Kama ni ugonjwa, njoo unaumwa. Kama ni aibu ya kurudi mikono mitupu, mume wangu, mimi ndiye niliyekutoa miibani unapigia hodi majani, aibu yako naijua, njoo nayo vilevile.

Ukishuka Korogwe, vuka mto Pangani, shika barabara ya Handeni. Usitafute kichaka, pamebaki majivu na mashina. Ukishavuka kijito utaona nyumba zote zimefanana, na wewe kuhesabu hujui vizuri, kwa hiyo ukuta wangu wa mbele nimeupaka udongo mwekundu. Ni ya mwisho kwenye mstari, ukishapita kwa mama mkubwa. Usipitie kwa jumbe, usipitie kwa kaka yako, atakukumbatia mpaka ushindwe kutembea. Njoo moja kwa moja mlangoni, usimame hapo nikuone, na bwana shauri naye akuone.

Na wewe unayeisoma barua hii kwa sauti, kambini, usiyenijua. Nisamehe kwa kukuchosha. Kama ulisafiri na mtu huyu, Mshambaa wa Kwashemshi, mrefu, sikio la kushoto lina kovu, na kama ni wewe uliyemchimbia kaburi au uliyeshika upande mmoja wa mkeka wake, basi usinionee huruma. Nitumie neno. Mama yake ananingoja mimi, na mimi nakungoja wewe. Lakini uwe ulimwona kwa macho yako. Za kusikia ninazo za kutosha.

Mvua hazijakwisha. Leo imenyesha kidogo asubuhi, na nimefurahi kama mtu aliyeongezewa siku. Jioni kumekauka.

Nakuaga, Baba Zaina, siku hizi nazoea kukuaga bila kukuona. Salamu za Zaina, za mama mkubwa, za mjomba, na za kaka yako anayekata fito. Mimi nimesimama mbele ya bwana shauri na watu wangu wote, nikasema uko hai. Usinifanye mwongo.

Mimi mkeo,
Mama Zaina